Je, wajua? Korosho na moto wake

Mtu wa Masasi au Newala anayekwenda kupanda ndege Mtwara akinunua kipakiti cha korosho cha kunywea chai, huwa ananunua zao la jirani yake, mkorosho. Hata hivyo jirani huyo alihamia. Wareno ndio walioileta korosho pwani yetu kutoka Brazil katika karne ya 16, na jina lao la caju bado linasikika katika neno letu "kanju".

Bibo, lile jekundu au la njano, ni kikonyo kilichovimba tu. Tunda lenyewe ni lile linaloning'inia chini yake mfano wa figo, nalo hutangulia kukua. Bibo hunenepa baadaye. Maji ya bibo yakikamuliwa na kuachwa yachachuke, huwa uraka.

Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, ukoo wenye utomvu mkali. Ndani ya ganda la korosho mna vijishimo kama vya sega la nyuki, vimejaa mafuta yanayobabua ngozi mpaka itoke malengelenge. Viwandani mafuta hayo huingia kwenye rangi na kwenye breki za magari. Uani kwa mtu, dawa yake ni moto.

Korosho humwagwa juu ya bati lililotobolewa matundu, likiwa limekaa juu ya mafiga, na mama huzigeuza kwa mti mrefu. Mara mafuta huanza kuchuruzika, yakashika moto, na moshi mweusi ukapanda. Yeye husimama upande unakotoka upepo, uso kaugeuza, lakini mkono hauachi kukoroga. Akizitoa mapema, mafuta yatamla vidole. Akichelewa kidogo, ni mkaa mtupu. Kwa hiyo bati hupinduliwa haraka na mchanga kumwagwa juu ya miale. Zikipoa, hupaka majivu mikononi, akaanza kubangua: korosho juu ya jiwe, pigo moja la kigongo, la kiasi, ili kiini kitoke kizima. Halafu nyingine. Kila punje iliyobanguliwa hivyo imepita moja moja katika vidole vyake, na ndiyo maana sipendi kusikia mtu akiiita ghali.

Uzima wa kiini ndio pesa. Wafanyabiashara hupanga madaraja kwa idadi ya viini katika ratili moja: W180 ni kubwa kuliko W320, na iliyovunjika hushuka bei hata kama ladha ni ile ile.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 hazikufika 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukawa unakausha maua. Salfa, pamoja na kazi ya watafiti wa kituo cha Naliendele, ilisaidia kuirudisha mikorosho kwenye uzazi. Lakini mpaka leo sehemu kubwa ya mavuno husafirishwa ikiwa na maganda yake, ikabanguliwe India na Vietnam, na ujira wa kubangua unabaki huko huko. Hilo linaniuma.

Nzima za pale uani huingia kwenye vipakiti vya wasafiri. Vipande humwagwa kinuni, vikatwangwa vya kuungia mboga ya jioni.