Mpini wa Fimbo ya Gofu

Wakati wa likizo mimi huwachukulia wachezaji wa gofu mifuko yao, nipate nauli ya kurudi shuleni. Mwaka jana bwana mmoja mwenye nguvu alinipa fimbo yake kuukuu. Mwezi mzima mipira yangu ilikwenda chini chini ikapotelea kulia, nami nikaulaumu mkono wangu. Kumbe kosa lilikuwa la mpini.

Zamani mipini ilikuwa ya mti uitwao hikori. Ile ya chuma ilikubaliwa na wakuu wa mchezo huko St Andrews mwaka 1929. Siku hizi kuna ya grafaiti pia, iliyo myepesi zaidi. Yote hupindika mtu azungushapo fimbo. Tazameni herufi iliyoandikwa juu yake: L ni laini kabisa, kisha A, R, S, na X ndio mgumu kupita yote. Mtu ambaye kichwa cha fimbo yake kubwa huenda kama maili 85 hadi 95 kwa saa, R wamtosha. X ni wa wale wapitao 105. Wangu ulikuwa X! Mwenye kasi naye akishika mpini laini, mara nyingi mpira hupaa mno na kwenda kushoto. (Nasema juu ya watumiao mkono wa kulia.) Vijana wengi huchagua S kwa kiburi tu.

Mimi nilibadilishana na mwenzangu mwenye mabega mapana. Sasa nina R, na mipira yangu huonekana.