Haydn alikuwa na bwana wake, enanga ilikuwa na Omukama

Mtoto wa Kamachumu au Rubya anamjua mtunzi Handel, ila hajaambiwa jina lake. Kila Pasaka kwaya za parokia, Bukoba mjini hadi Muleba vijijini, hupambana na "Aleluya Kuu". Besi hupotea njiani, mpiga kinanda huwavuta, na wote hufika salama, au karibu. Wimbo huo umo ndani ya Messiah ya Handel, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Mwalimu wa muziki ana pa kuanzia, hata kabla ya kubandika ukutani picha ya mzee aliyevaa wigi.

Mtunzi wa pili wa kufundishwa, kwa maoni yangu, awe Joseph Haydn, maana maisha yake hayahitaji maelezo marefu Buhaya. Tangu 1761 aliutumikia ukoo tajiri wa Esterházy, akivaa sare kama watumishi wengine wa nyumba. Inasimuliwa kwamba mwaka 1772 bwana wake, Nikolaus, aliwaweka wanamuziki kwenye kasri la mashambani kupita muda, familia zao ziko mbali. Haydn hakwenda kulalamika. Alitunga simfoni ambayo mwishoni kila mpigaji humaliza sehemu yake, huzima mshumaa, huondoka, hadi wanabaki wapiga fidla wawili. Bwana akaelewa, kesho yake watu wakafunga mizigo. Sijaona mtoto asiyeipenda hadithi hiyo, hasa akiruhusiwa kuondoka darasani kwa zamu.

Kisha mtoto aulizwe: Omukama, mfalme wa Kihaya, naye alipigiwa muziki na nani? Hapo ndipo enanga inapoingia, ubao uliochongwa kama hori, uzi mmoja mrefu ukipitishwa huku na huko mpaka unakuwa nyuzi kadhaa, na mpigaji akighani habari za mashujaa. Profesa Mugyabuso Mulokozi alizitafiti tendi hizo kwa miaka mingi. Yako pia makondere, tarumbeta za ikulu. Kondere moja hutoa sauti moja au mbili tu. Wimbo hupatikana kwa kupokezana, na anayechelewa anatoboa wimbo mzima. Okestra inadai kitu hichohicho. Mwalimu asiye na makondere achukue chupa za soda, atie maji kwa viwango tofauti (yakizidi maji, sauti inapanda) na kila mtoto apulize yake inapofika zamu. Obo na fagoti zitasubiri. Za kusikiliza zipo kwenye simu.

Nikolaus alipofariki mwaka 1790, mrithi wake aliivunja okestra. Huku kwetu nako, Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na wanamuziki wa ikulu za Kiziba, Kianja na Ihangiro wakakosa mwajiri. Kwa hiyo shule ikimwalika mpiga enanga, imlipe fedha, si chai na makofi. Haydn, hata baada ya kasri kunyamaza, aliachiwa pensheni.