Kadi ya uanachama na nyonga mpya: kazi inayoisubiri zahanati

Mgonjwa anayebadilishiwa nyonga huwa mikononi mwa daktari bingwa kwa saa mbili hivi, kisha hulazwa wodini kwa siku chache. Miezi inayotangulia na ile inayofuata huwa yu nyumbani, na mtaalamu aliye karibu naye ni tabibu au muuguzi wa zahanati ya kijiji. Makala haya yanawahusu hao wawili, hasa pale mgonjwa anapokuwa mwanachama wa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF).

Mfuko huo ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, katika mikoa mingi kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia Sh 30,000 kwa mwaka ili itibiwe kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Upasuaji wa nyonga unaofanyika katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI) u nje ya mipaka hiyo. Hata Marekani, ambako zipo kliniki zinazotoza wanachama ada ya mwezi ili wamwone daktari wao bila kulipia kila ziara, ada hiyo hailipii chumba cha upasuaji. Kwa hiyo mgonjwa huiweka kadi kando, akidhani haina kazi tena. Hapo ndipo anapokosea, na wakati mwingine sisi watumishi wa afya ndio tunaomkosesha.

Chukulia mama wa miaka 60, mkulima wa mpunga Igunga, mwenye kisukari, aliyepangiwa upasuaji baada ya miezi minne. Sukari iliyopanda, upungufu wa damu, jino bovu au kidonda kisichopona huongeza hatari ya maambukizi, na vyote huweza kugunduliwa karibu na nyumbani. Hakuna linalosikitisha kama mgonjwa aliyeuza ng'ombe apate nauli na gharama, kisha akarudishwa kwa sababu ya kipimo cha sukari ambacho kingefanyika kijijini kwake kila mwezi. Mgonjwa wa selimundu, ambaye mara nyingi huharibikiwa nyonga angali kijana kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu, apewe barua inayoeleza historia yake yote, hasa kuongezewa damu.

Akirejea nyumbani ndipo kazi inapokuwa nzito. Damu huweza kuganda katika mishipa ya mguu, na bonge likifika mapafuni huweza kuua. Hatari hiyo haiishii wodini, na ndiyo sababu dawa ya kuzuia damu kuganda mara nyingi huendelea kwa wiki nne hadi tano. Muuguzi ahesabu vidonge vilivyobaki, asiridhike na jibu la "natumia". Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikimbana mgonjwa ghafla, ni dharura. Asiambiwe asubiri kliniki.

Jambo la pili ni kidonda. Kikiendelea kutoa majimaji baada ya wiki ya kwanza, au wekundu ukienea, tabibu hushawishika kuandika antibiotiki na kungoja. Kwa kiungo bandia, huruma hiyo ina madhara: dawa huficha vimelea, kipimo cha maabara kikakosa jibu, na siku zinapita. Maambukizi yakiwahiwa, upasuaji wa kusafisha huweza kukiokoa kiungo. Yakichelewa, huenda kikalazimika kutolewa. Mgonjwa akiwa na homa kali au amelegea, apewe huduma ya kwanza na rufaa papo hapo. Vinginevyo, timu iliyompasua ipigiwe simu kabla ya dozi ya kwanza.

Kisha kuna nyumba yenyewe. Nyonga mpya huweza kuchomoka goti likipanda juu kuliko nyonga au miguu ikipishanishwa, na nyumba zetu zimejaa mitego ya namna hiyo: kigoda cha jikoni, mkeka, choo cha kuchuchumaa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akifika mapema atamwomba fundi atengeneze kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo la choo, na kitanda kiinuliwe kwa matofali. Bodaboda ingoje hadi daktari aruhusu. Anayesali asali ameketi kitini kwanza.

Hayo yote yanahitaji karatasi moja ya kuruhusiwa iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, yenye jina la dawa, siku ya kuisitisha, tarehe ya kutoa nyuzi na namba ya simu ya wodi. Mgonjwa aiombe kabla ya kuondoka, nakala yake ibaki zahanati. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeleta utaratibu mpya wa uandikishaji, aulize kabla ya kusafiri kama kadi yake itakuwa hai siku atakayorudi.