Mchezo wa Watoto, Hila za Wakubwa

Ni nadra kupata shehia, Unguja au Pemba, isiyokuwa na kiwanja ambacho ifikapo alasiri watoto hutoka chuoni wakakikimbilia ili kucheza mpira. Huo ni mchezo wao. Wajibu wetu sisi wakubwa ni kuwatafutia kiwanja, mwamuzi na maji ya kunywa, kisha kukaa kando. Lakini hatukai kando. Tumeuingilia mchezo huo kwa siasa zetu, kwa matusi yetu na, baya kuliko yote, kwa uongo wetu.

Mwandishi wa makala haya hana haki ya kujitoa katika lawama. Miaka michache iliyopita nilikuwa miongoni mwa viongozi walioketi chini ya turubai katika fainali ya watoto wa chini ya miaka 15. Mpira ulipangwa kuanza saa kumi. Mgeni rasmi, aliyetoa jezi na kikombe, alichelewa. Watoto walisimama mstarini juani, sura yake imechapwa vifuani mwao. Alifika saa kumi na moja kasoro robo, akahutubia, akasifiwa, naye akajibu sifa. Kipindi cha pili kilichezwa dakika kumi tu, maana magharibi ilikuwa inaingia. Mtoto mmoja wa akiba, aliyekwisha kufunga kamba za viatu, alizifungua bila kugusa mpira, akaenda zake nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu chini ya lile turubai aliyesema neno. Tulipiga picha, tukaliita jambo hilo kuwa ni maendeleo ya michezo.

Ubaya haukomei kwa viongozi. Mzazi husimama pembeni mwa mstari akamtukana mwamuzi, ambaye mara nyingi ni kijana anayejifunza kazi, na mwanawe anamsikia. Na popote mtoto anapoachwa nje ya timu kwa sababu baba yake ni wa chama kingine, hapo tunakuwa tumempa kadi nyekundu kwa kosa asilolitenda.

Lakini kubwa zaidi ni suala la vijeba. Mtu mzima hutwaa karatasi, akampunguzia kijana miaka miwili au mitatu, akamwambia: ukiulizwa, sema hivi. Fikirini, ndugu wananchi, maana ya tendo hilo. Kijana huyo anafundishwa kusema uongo juu ya siku aliyozaliwa, na mwalimu wake ni yule yule anayemtaka aheshimu sheria. Na mtoto wa umri halali, ambaye nafasi ile ilikuwa yake, hubaki nje akitazama.

Fedheha ya mambo haya tunaijua. Aprili 2018 timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 17, Karume Boys, iliondolewa katika mashindano ya CECAFA nchini Burundi, kwa kuwa ilipeleka wachezaji waliozaliwa kabla ya Januari 1, 2002, tarehe iliyowekwa na kanuni. Iwe ilikuwa hila au uzembe, vijana hawakujiandikisha wenyewe. Wakubwa ndio waliojaza fomu, na vijana ndio waliorudishwa nyumbani.

Isitoshe, hila hiyo haina maisha marefu. Tangu Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria mwaka 2009, FIFA hutumia kipimo cha MRI kupiga picha ya kifundo cha mkono na kutazama kama mfupa umekwisha kuungana. Karatasi hukubali kuandikwa lolote, mfupa haukubali.

Tena hatuna haja ya kudanganya. Novemba 2023 watoto wetu wa chini ya miaka 15 walikwenda Uganda, wakatwaa ubingwa wa CECAFA kwa kuwashinda wenyeji kwa mikwaju ya penalti katika fainali. Vipaji tunavyo. Tulichopungukiwa ni uaminifu na subira ya kuvilea.

Basi nini kifanyike? Kwanza, umri wa mchezaji uthibitishwe na kumbukumbu za Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, si kwa barua inayoandikwa wiki ya mashindano. Pili, anayeghushi umri aadhibiwe yeye, badala ya adhabu kumwangukia mtoto peke yake. Tatu, jezi za watoto zisibebe sura ya mgombea wala rangi ya chama chochote, hata kiwe chama changu. Nne, mpira uanze kwa saa iliyopangwa, awepo mgeni rasmi au asiwepo.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu akakiita Tujisahihishe. Jina hilo peke yake latosha kuwa somo kwetu sisi tunaopenda kuketi chini ya turubai. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Nasi tunawakunja watoto wetu kila alasiri, tukijua au tusijue. Mtoto yule aliyefungua viatu vyake jioni ile sasa ni kijana. Siku akipewa yeye kazi ya kujaza fomu za wengine, ataandika kile alichojifunza kwetu.