Kabla ya kusuka, gawanya nywele uangalie ngozi ya kichwa

Wiki ya sikukuu, msusi wa kijijini husuka tangu asubuhi hadi giza linaingia. Kitana ni kimoja, mkeka ni mmoja, watoto wamepanga foleni. Shule zikikaribia kufunguliwa inakuwa zamu ya kinyozi na mashine yake. Mapunye husambaa hivyo hivyo, kichwa kwa kichwa.

Msusi mmoja alipiga simu kwenye kipindi chetu akauliza: "Nitajuaje kama hii ni mba au ni mapunye? Na nikishajua, mama yake nitamwambiaje?" Muda wa hewani ulikuwa mfupi, kwa hiyo namjibu hapa.

Msogeze mteja kwenye mwanga wa jua. Gawanya nywele kwa vidole, mstari kwa mstari, nyuma ya masikio na kisogoni pia. Mba ni magamba meupe au ya manjano yaliyotapakaa kichwani, yanawasha, lakini kwa kawaida nywele zimebaki mahali pake. Mba haiambukizi, unaweza kusuka. Kujaza mafuta mazito juu yake ni kuificha tu; duka la dawa wana shampuu yake.

Mapunye ni ya fangasi, na huwapata zaidi watoto. Utaona mabaka ya mviringo yenye magamba ambapo nywele zimekatika, mara nyingine vimebaki vidoa vyeusi vya shina la nywele. Pengine tezi za shingoni zimevimba. Ukikuta uvimbe laini unaotoa usaha, mtoto apelekwe kituo cha afya mapema, kwa sababu huo unaweza kuacha kovu lisiloota nywele tena.

Hapa wengi tunakosea: tunapaka krimu, kitunguu saumu, hata mafuta ya taa (tafadhali, mafuta ya taa yaacheni kwenye koroboi). Fangasi huyu yuko ndani ya nywele yenyewe, na krimu haimfikii. Dawa yake ni ya kumeza, anaandika mhudumu wa afya, na hutumika kwa wiki kadhaa. Mabaka yakianza kufifia usimwachishe mtoto dawa. Na ndugu zake wanaolala naye nao wakaguliwe.

Sasa, kumwambia mama. Usiseme mbele ya foleni. Mwite pembeni: "Mama, nimeona kitu kichwani kwa mtoto, sitaki nimsuke nikamuumiza. Mpeleke zahanati kwanza, akipona mlete nitamsuka." Usitaje jina la ugonjwa kana kwamba wewe ndiye daktari. Msusi akisema hivyo anapoteza hela ya siku moja, lakini akisuka, wateja kumi wataondoka na mapunye na jina la saluni yake.

Vitana vioshwe kwa sabuni, nywele zote zitoke, kisha viloweshwe dakika kumi kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia: kwa ile ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita. Visuuzwe. Mashine isuguliwe kwa brashi na kufutwa kwa spiriti kila baada ya mteja.

Chawa utawajua kwa mayai yaliyoganda kwenye unywele, ukiyapuliza hayaruki kama mba. Kidonda au mkwaruzo kichwani, dawa ya kulainisha nywele isipakwe siku hiyo, hata mteja abembeleze vipi.

Kuna jambo jingine ambalo si ugonjwa wa kuambukiza, tunalitengeneza wenyewe. Mimi pembeni mwa paji la uso hapaoti. Miaka mingi nilisukwa rasta za kuvuta mpaka siwezi kulala, nikaambiwa zikikaza ndiyo zinapendeza. Vipele vidogo kwenye mstari wa nywele za mbele, na maumivu ya siku mbili, vilikuwa dalili. Ukiviona kwa mteja, legeza au fumua, maana mwanzoni nywele hurudi. Kwangu hazikurudi.