Meneja wa mkonge aliyefungua 'kiwanda cha sinema' Vugiri

Na Mwandishi Wetu

UKITAJA Milima ya Usambara, wengi hukumbuka chai, mboga za Lushoto na kituo cha utafiti cha Amani. Ni wachache wanaojua kwamba mwaka 1935, huko Vugiri juu ya Korogwe, kulikuwa na studio ya filamu iliyotengeneza sinema za kumfundisha mkulima.

Aliyeisimamia ni Mwingereza, Meja L. A. Notcutt. Hakutoka Hollywood. Alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki. Mwaka 1926 alipata wazo kwamba sinema shambani ingesaidia kuwafanya vibarua waridhike na wasihame. Ni wazo la mwajiri anayepiga hesabu zake, lakini ndilo lililozaa mradi mkubwa zaidi.

Fedha zapatikana

Mwaka 1932, J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni aliongoza uchunguzi kuhusu maisha ya Waafrika katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Aliona kwamba sinema ingeweza kuwafikia watu wasiojua kusoma.

Shirika la Carnegie la Marekani likatoa dola 55,000, na wachangiaji wengine wakaongeza. Notcutt akapewa kazi ya kutengeneza filamu. G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini, akashika upande wa elimu.

Vugiri kuna baridi, jambo linalofaa kazi ya kusafisha filamu, ambayo huharibika kwenye joto. Katika muda wa miaka miwili zilitengenezwa filamu fupi zipatazo 35. Waafrika walikuwa waigizaji, na wengine walifundishwa kazi za maabara na mitambo.

Ili kupunguza gharama, Notcutt alitumia filamu nyembamba za milimita 16, na sauti akaiweka kwenye santuri. Faida yake ni kwamba picha ile ile iliweza kuonyeshwa kwa Kiswahili, Kiganda au Kinyanja kwa kubadili santuri tu. Hata hivyo, ubora wa sauti ulilalamikiwa.

Pesa ardhini, pesa posta

Moja ya filamu za mwanzo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Mtu mmoja anaficha mshahara wake ardhini, mwizi anauchukua. Mwenzake anapeleka wake posta, unabaki salama. Nyingine zilihusu mmomonyoko wa udongo, safura, malaria ya watoto, kahawa, chai na hata kodi. Ile ya Kingolwira, Morogoro, ilionyesha mpango wa mashamba ya wakulima wadogo.

Filamu hizo zilipakiwa kwenye lori pamoja na mitambo, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Ng'ambo ya bonde la Lwengera, watafiti wa Amani, akiwamo H. H. Storey, walikuwa wakihangaika na ugonjwa wa batobato ya muhogo. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Utaalamu ulikuwapo mlimani, ila uliandikwa kwa Kiingereza. Shida ya kuufikisha kwa mkulima ndiyo sinema ilijaribu kuitatua.

Kilichoangusha mradi

Mwaka 1937 ufadhili ulipofikia kikomo, serikali za kikoloni hazikukubali kubeba gharama. Studio ikafungwa. Notcutt na Latham wakatoa kitabu mwaka huo huo kueleza kazi yao, 'The African and the Cinema'. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda kitengo chake cha filamu za makoloni, makao yake London. Hivyo kazi iliyokuwa ikifanyika mlimani, karibu na watazamaji, ikahamia ng'ambo.

Mradi ulikuwa na kasoro nyingine nzito. Mada zilichaguliwa na wakubwa. Mkulima aliambiwa alipe kodi na aache mila zake, lakini hakuulizwa bei ya kahawa yake ilimtosha au la. Kibarua wa mkonge aliyekaa mbele ya pazia jeupe alikuwa na maswali ambayo filamu haikuyajibu.

Filamu tatu, ikiwamo ya Kingolwira, zimehifadhiwa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Sura za watu wetu wa miaka ile sasa zinatunzwa Uingereza.

Kwa wenye miradi ya kilimo, funzo liko wazi. Mradi unaotegemea mfuko wa mfadhili peke yake hufa siku mfuko unapokauka. Notcutt alielewa kwamba mkulima hujifunza haraka akiona kwa macho na kusikia kwa lugha yake. Siku hizi mtu anaweza kupiga picha za video kwa simu akiwa shambani kwake, bila lori wala santuri. Swali linalobaki ni lile lile la Vugiri: nani anachagua cha kuonyeshwa, na nani atalipia mwaka wa tatu?