Meno Safi na Meno Meupe

Katika mazungumzo ya kila siku, meno safi na meno meupe huchukuliwa kuwa kitu kimoja. Lakini wapo wenzetu wengi wa Arusha na Meru wenye meno ya rangi ya kahawia, ilhali hupiga mswaki kila siku. Rangi hiyo si uchafu. Maji ya sehemu nyingi huko yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake yanaumbika huota meno yenye madoa ndani ya enameli, yaani tabaka gumu la nje.

Ndiyo maana kusugua kwa mkaa au ndimu nyumbani hakuyaondoi. Mkaa hukwangua enameli, ndimu huimomonyoa, na enameli ikishalika haioti tena.

Daktari wa meno hutumia peroksidi ya hidrojeni yenye nguvu, baada ya kukinga ufizi. Dawa ya kutumia nyumbani ni hafifu zaidi na huchukua wiki kadhaa. Ni salama zaidi daktari akiyapima meno kwanza. Zote mbili huweza kuyatia meno ganzi kwa muda. Madoa mazito huenda yakahitaji kufunikwa.

Basi tumwonapo mtu mwenye meno ya kahawia, tusiseme ana meno machafu. Tuseme ana meno yenye madoa. Huo ndio ukweli, na ndiyo adabu.